Nyandwi, Wifi Yako Ribeka Anakula Udongo

Nyandwi mwanangu,

Mwidiwe huko uliko. Ungekuwa mbele yangu ningekupigia makofi ya salamu mpaka viganja viwake moto, tungeulizana za watoto, za mbuzi, za mvua, ndiyo tuanze maneno. Sasa mbuzi huna, na mvua inakunyeshea juu tu. Anayeandika hapa ni mwalimu Tobia, yule mstaafu wa mguu mbovu, aliyekuchapa darasa la tatu ulipoanguka kifafa akidhani unajifanya. Nimemwambia aliandike na hilo. Ameinama, anaandika. Nimemwambia na maneno yangu asiyanyooshe, ayaache yalivyopinda, maana wewe unanijua nilivyopinda, yakikufikia yamenyooka utasema huyu siyo mawe wangu, siyo mama aliyenizaa.

Nakuletea habari ya Ribeka. Najua ukisikia jina hilo utageuka huko chini. Geuka, lakini sikiliza. Ribeka ana mimba, na anameza vidonge vile vile vya zambarau ulivyokuwa unameza wewe. Mimi nilijua kabla ya watu wote, na nilitaka kunyamaza. Nilitaka kabisa, mwanangu.

Kwanza nikupe za mwanao. Yeremia mzima. Ule mgongo wake walikwenda kuufunga Mwanza, kuna kovu kama mdomo ulioshonwa. Miguu haina habari na yeye, inamfuata tu nyuma kama mkia, lakini mikono ya mtoto huyo, eh. Anajivuta uani mpaka kwenye majivu, anawapiga kuku. Ana meno yote. Ananiita kwa jina, Sabina, kama mwenyekiti wa kijiji. Ananipiga makofi nikichelewa uji. Mkali kama babu yake.

Nyumba yangu ya zamani haipo. Hukuiona ikiungua, ilikuwa wiki ya tatu umeshalala. Ngoja, nimeruka. Mwalimu ananiambia nimeruka, kwamba barua ikipotea njiani ikaokotwa na mtu, hataelewa. Nikamwambia inaokotwaje, yeye ndiye ataisoma kaburini kwa sauti halafu tuichome. Lakini sawa. Nianze pale pale, ingawa wewe ulikuwepo.

Ulizaa wakati watu wanalima kusubiri mvua ya kwanza. Mtoto alitoka vizuri, akalia vizuri, alipogeuzwa mgongo ukawa wazi, nyama nje, kama mtu kampasua kwa kisu. Mama mkwe wako akatupa kanga na kukimbia. Siku ya tatu wakakaa kikao pale kwao, wakasema huyu hakuzaliwa, huyu ametumwa. Wakasema mimi ndiye niliyemtuma, kwa kupitia tumbo lako. Halafu mumeo Zakaria akatoa mpini kwenye jembe. Hakuchukua fimbo. Alikaa chini, akagonga jembe kwenye jiwe mpaka mpini ukatoka, watu wanamwangalia, hakuna aliyesema Zakaria, weka. Na wifi yako Ribeka, rafiki yako wa siku ya kifafa, mliokuwa mnakaa benchi moja zahanati kila Jumanne mnagawana muwa, yeye aliyekutongozea kwa kaka yake, Ribeka ndiye aliyekushika mikono. Umetoka kuzaa juzi. Alikushika mikono yote miwili, akaivuta mbele.

Ulivuka bonde kuja kwangu umemfunga mtoto kifuani. Nilikuona kwa mbali nikadhani ni mtu amebeba kuni, ulivyokuwa umeinama. Siku mbili ulikaa kwangu, unaongea vizuri, ulikula hata ugali wa muhogo na mawese, ukasema kichwa kinauma, kinaita. Siku ya tatu kifafa kikakuchukua asubuhi, hakikukurudisha. Zahanati wakaandika kifafa. Polisi wakasoma kifafa, wakamweka Zakaria wiki mbili, wakamtoa.

Basi nikaenda na mchi. Nilimkuta anakunywa chai. Nilimpiga begani, mfupa ule wa mtulinga ukalia kama muhogo mkavu. Nilitaka kichwa, mwanangu, lakini alisogea, na mikono ya kizee haina shabaha. Nikampiga na mgongoni. Nilikuwa nahesabu, nilitaka vifike sawa na vyako, wakanishika kabla ya kufika. Mchana wa siku ile ile wakaja kwangu na moto. Nilisimama kwenye migomba na Yeremia, nikaona paa linashuka. Walikuwa wanaimba mchawi, mchawi, na wengine wao mimi ndiye niliyewapokea walipozaliwa. Mbuzi mmoja alikuwa ndani. Sitakuambia alivyolia.

Zakaria sasa yuko Kibondo kwa mjomba wake, bega limekaa chini, ameoa. Mimi nimejengewa chumba na watu wa kanisa upande huu wa bonde. Nimezoea. Mchi ninao.

Sasa ndipo akaja Halima.

Halima ni binti wa mwenye duka mjini Kasulu, wale Waislamu wa vitenge, lakini yeye amesomea dawa, yuko hospitali. Alikuja kwa pikipiki na mkoba. Nilipoona mkoba nikadhani ni mambo ya kesi ya bega la Zakaria, nikachukua panga nikamfukuza mpaka kwenye migomba. Mwenye pikipiki akakimbia akamwacha. Halima hakukimbia mbali. Alisimama nyuma ya mgomba akasema, "Bibi, nimekuja kwa ajili ya Nyandwi." Panga likawa zito. Hakuna mtu alikuwa amenitajia jina lako kwa upole tangu siku ile.

Akakaa kwenye mkeka. Akatoa karatasi mbili za njano. Akanieleza kwamba zahanati, mtu akimeza dawa ikamfanyia vibaya, wanatakiwa wajaze karatasi ile, ziende kukusanywa, wakubwa waone dawa gani ina shida. Yeye amepewa kazi ya kuzisoma upya za nyuma, za zahanati zote za huku, atafute wanawake waliomeza dawa wakiwa na mimba na karatasi haikusema.

Nikamuuliza, kama karatasi haikusema, wewe utajuaje? Akacheka kidogo. Akasema watu wakiulizwa mimba wanajibu hapana, kwa hiyo yeye haangalii pale tu. Anaangalia pembeni. Anasoma mgonjwa analalamika nini.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Yeremia. Mtoto wa kiume, siku moja, mgongo wazi. Dawa aliyotumia, hakuna. Halima akasema, kweli, mtoto hajameza kitu, lakini mama yake amemeza, na hapa hakuna mtu aliyeuliza mama. Karatasi ya pili ilikuwa ya kwako. Mwanamke, kifafa, vidonge vya zambarau, mwaka mzima. Anatapika asubuhi, anachoka, hataki dagaa, anakula udongo. Mganga wa zahanati alidhani ni vidonge vinakutapisha. Na pale palipoandikwa mjamzito, imewekwa alama kwenye hapana.

Karatasi mbili, mwanangu. Ya mama na ya mtoto, kila moja kwenye faili lake, zinakaa ofisi moja hazijuani. Yeye ndiye amezileta kwenye mkeka mmoja.

Akaniuliza, "Bibi, siku hiyo alipokuwa anatapika, mlikuwa mnafanya kazi gani shambani?" Tarehe alikuwa nayo kwenye karatasi, nadhani alitaka kusikia kwangu. Nikasema tulikuwa tunavuna maharage ya kwanza. Na mtoto alizaliwa lini? Wakati wa kulima kusubiri mvua. Alitimia? Alitimia, alikuwa na kucha ndefu. Akahesabu miezi kwa vidole, kidole kwa kidole, vikabaki viwili havina pa kwenda. Akaniangalia. Akasema, basi siku ile Nyandwi alikuwa nayo tayari, mwezi, pengine miwili. Bibi, wewe ulikuwepo. Alikuwa na mimba?

Nikasema hapana.

Unajua kwa nini. Wewe na mimi ndio tunajua. Siku ile zahanati walipokuuliza, hukufungua mdomo, niliwahi mimi. Nikasema, "Hapana, huyu ana minyoo." Nikakubana na kiwiko ubavuni. Kwa sababu mimba haitangazwi, mwanangu, ndivyo tulivyolelewa, mimba inakaa kimya mpaka tumbo liseme lenyewe. Ukisema mapema wapo wanaoifunga. Mimi mbili zangu nilizisema mapema nikiwa msichana mjinga, nilifurahi nikamwambia jirani, zote mbili zikatoka damu. Wewe wa saba nilikuficha mpaka mwezi wa sita, ukazaliwa mzima. Sasa ningekuachaje uropoke mbele ya benchi zima la watu wa kifafa? Nilikuwa nakukinga. Nilikukinga mpaka nikakuzika.

Halima akasema sawa bibi. Hakubisha. Akasema vidonge vile ni vizuri kwa kifafa, vimewasimamisha wengi, lakini mimba inapoanza vinaweza kumharibu mtoto mgongo. Siyo kila mtoto. Ndiyo maana karatasi zinatakiwa ziseme kweli, wakubwa wahesabu, na zahanati ziulize vizuri kabla ya kumpa mwanamke anayezaa. Akasema na kitu kingine, kwamba mwanamke mwenye mimba asiviache ghafla kwa hofu, kifafa kitamrudia kimuue, aje abadilishiwe taratibu. Akasema yeye huwa anakuja zahanati Jumanne. Akaondoka kwa miguu, maana yule wa pikipiki hakurudi.

Mwalimu Tobia anauliza kama tupumzike. Mwambie mwalimu wako akae.

Wiki ile ile nikaenda mashine ya kusaga. Foleni ndefu, umeme umekatika, watu wamekaa juu ya ndoo zao. Mbele yangu mgongo naujua. Ribeka. Ameolewa hapa hapa kijijini, na nikimwona huwa nazunguka njia nyingine, siku hiyo debe lilikuwa zito. Hakuniona. Alifungua fundo la kanga, akatoa kipande cha udongo ule mweupe wa kisima cha chini, akaking'ata. Akafumba macho. Akatafuna polepole kama mtu anayesali.

Nikajua pale pale. Nimepokea watoto wa kijiji kizima, mimi sihitaji karatasi.

Na nikakumbuka Ribeka anameza nini.

Nitakuambia kilichonijia, kwa sababu kwa watu nimesema kingine. Nilifurahi, Nyandwi. Moyo ulicheza. Nikasema, Imana halali, Mungu anaona. Nikasema, mngoje azae. Nikauona mgongo wa mtoto wake umefunguka, nikamwona mama mkwe wake anatupa kanga, nikamwona mumewe anagonga jembe kwenye jiwe. Nikatafuta na mtu wa kumshika mikono, nikajiweka mimi. Nilisaga muhogo wangu, nikarudi nyumbani naimba. Siku nne niliimba. Jirani akauliza kulikoni, nikasema nimeota vizuri.

Siku ya tano namwogesha Yeremia. Ananirushia maji, ananipiga kichwani na kikombe, Sabina, Sabina. Namsugua mgongo, mkono ukapita kwenye kovu. Sijui. Mkono umepita pale mara ngapi toka arudi Mwanza. Lakini siku ile nikaona, aliyekushika mikono ni Ribeka. Mtoto wake hakukushika. Mikono yake yenyewe haijamaliza kuota. Na mimi nimekaa hapa siku nne naimba ili apasuke.

Nilitapika kwenye beseni, mwanangu. Yeremia akacheka.

Ilikuwa Jumanne. Nikamfunga mgongoni mbichi hivyo hivyo, nikaenda zahanati. Benchi limejaa. Ribeka yuko wa tatu kutoka mlangoni, ameshika kadi yake. Nilipanga njia nzima nimvute pembeni nimwambie taratibu, kama mtu mzima. Nilipomwona usoni nikasahau yote. Nikasema mbele ya benchi zima, "Huyu ana mimba, msimpe vile vidonge."

Unajua nilichofanya. Kumtangazia mwanamke mimba yake mbele za watu. Huko kwetu Kibondo nilikozaliwa wangenipiga mawe na mama yangu angewaokotea.

Ribeka alininyakua kilemba, akanipiga na kiatu mdomoni. Jino lile lililokuwa linacheza halichezi tena, limekwenda. Nikamng'ata mkono. Nilimng'ata kwa haki zote mbili, ya kwako na ya kwangu, nilionja damu yake, na sitasema haikuwa tamu. Yeremia yuko mgongoni anapiga kelele kwa furaha, anapiga naye kila kinachomkaribia. Wanawake wakatutenganisha. Mmoja ananiambia bibi una aibu gani, mwingine anamwambia Ribeka unampiga mzee, mwingine anacheka tu mpaka anajifuta machozi. Halima akatoka, akatuvuta ndani wote wawili kama mbuzi, akafunga mlango.

Akamuuliza Ribeka taratibu. Ribeka akasema, sina. Akamuuliza mara ya mwisho kuona damu ni lini, akasema hakumbuki. Akamuuliza, udongo unakula? Akalishika fundo la kanga. Halafu akaanza kulia. Akasema hata mumewe hajui. Akasema vidonge hatavimeza tena lakini mimba hana. Akasema huyu bibi ni mchawi, anataka kunifunga tumbo, mnamwamini nini?

Halima akaniangalia. Akasema, bibi, umwambie wewe kwa nini unavikataa vile vidonge. Mimi nikisema atasikia ni maneno ya hospitali.

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Kama ningesema wewe hukuwa na mimba siku ile, basi vidonge havina kosa, basi mgongo wa Yeremia umetoka wapi, umetoka kwangu kama walivyosema. Na kama ningesema ulikuwa nayo, ni mimi niliyesema hapana. Nilikuwa na damu ya jino mdomoni. Nikaitema kwenye kitambaa. Nikamwambia Ribeka, Nyandwi alikuwa na mimba siku mlipokaa benchi hilo pamoja, alipotapika ukamshikia kanga. Walimuuliza, nikajibu mimi. Nilidanganya mimi. Angesema kweli wangeangalia vile vidonge.

Ribeka akajifuta uso na kanga. Mwishowe akasema, "Kumbe ni wewe uliyemuua."

Nikasema tulikuwa wengi. Mimi nilimshika mdomo, wewe ukamshika mikono, kaka yako akashika mpini.

Alikaa chini sakafuni. Akasema maneno ambayo sijui niyafanyeje, nakuletea yalivyo, amua wewe. Akasema, "Nilimshika kwa sababu na mimi nina kifafa. Nisingemshika, kesho yake ni mimi." Hakuomba msamaha. Mimi sikutoa. Halima alikuwa anaangalia dirishani.

Halafu akatoa karatasi yako. Akaniuliza, niweke ndiyo? Nikasema weka. Akaandika pembeni kwamba aliyeeleza ni mama mzazi, na wakati ulikuwa mavuno ya maharage ya kwanza, nikaweka dole gumba. Akachukua na ya Yeremia, kwenye ile hakuna akaandika dawa yako, kupitia kwa mama. Akazibana pamoja na pini. Nikamwambia bana vizuri. Akabana tena.

Ribeka alipelekwa Kasulu hospitali wiki ile, Halima alimsindikiza. Wanambadilishia dawa kidogo kidogo, wamempa na vidonge vingine vya kumjenga mtoto. Nilimuuliza Halima, kwa hiyo mtoto atakuwa mzima? Nilidhani atanidanganya kidogo, watu wa hospitali huwa wanadanganya wazee. Akasema, bibi, mgongo unajifunga mapema sana, kabla mama hajajua. Inawezekana tumewahi, inawezekana hatukuwahi. Hatujui.

Kijiji kimepata maneno. Wapo wanaosema sasa nimekiri nilimuua binti yangu. Wapo waliokuja kuniomba radhi ya nyumba, mmoja ameleta bati mbili, nimezichukua bila kumwambia asante. Mama mkwe wako akipita hatazami huku. Na wasichana watatu wamekuja kwangu kimya kimya, wana tumbo wanaloficha, wanauliza, bibi, niseme zahanati au nisiseme? Nawaambia mfiche jirani, mfiche wifi, mganga wa dawa msimfiche. Mmoja alinibishia, nikamfinya.

Wewe jina lako limerudi. Si kwa wote. Lakini juzi kisimani nilisikia mwanamke anasema, yule Nyandwi wa vidonge. Hakusema Nyandwi wa mchawi. Nilisimama na ndoo kichwani mpaka maji yakanimwagikia.

Sijamsamehe Ribeka, nataka ulijue hilo usije ukasikia kwa wengine. Nikikutana naye njiani kuna mkono mmoja unataka kumpiga. Lakini ametuma neno jana, kupitia kwa yule yule mwanamke aliyecheka zahanati, kwamba siku ikifika hataki mama mkwe wake awe chumbani. Anataka nimpokelee mimi.

Nitakwenda, mwanangu. Nakuahidi mbele ya mwalimu Tobia, ambaye sasa anajifuta pua anajifanya ni mafua. Mtoto akitoka, kabla hawajamwangalia uso, mimi nitampitisha mkono mgongoni, toka shingoni mpaka chini. Nikiukuta umefunga, nitakuja hapa kaburini nikuambie, hata kama mvua inanyesha. Nikiukuta wazi, nitasimama mlangoni na mchi wangu, na atakayekaa chini kutoa mpini kwenye jembe ataanza na mimi.

Kaa vizuri, Nyandwi. Geukia upande usiouma.

Mawe wako,
Sabina